Mikono ikikataa, kazi bado iko mu kichwa

Mutu akiumia mu mugodi na mikono yake isifanye tena kazi, wengi wanafikiri kama maisha yake ya kazi yamekwisha. Lakini leo telefone ao ordinatere inaweza kuongozwa na sauti, na kichwa, na nyusi, hata na pumzi. Njia nyingi kati ya hizo ziko tayari mu telefone zetu, bila kulipa kitu. Tunaeleza hapa ginsi zinafanya kazi, fasi zenye zinatushinda, na mambo yenye familia inaweza kuanza kufanya.

Mu mitaa yetu ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kuko maneno yenye watu wanasema juu ya mutu mwenye aliumia ku kazi: « Ule baba, mikono ilikufa, eko tu pale. » Hiyo « eko tu pale » inaumiza kupita aksida yenyewe. Maana yake ni kama mutu bado anakula, bado anasikia, lakini hakuna mwenye anamungojea afanye kitu. Mutu mwenye kwa miaka 20 alijua kusoma jiwe kwa macho na kusikia mwamba wenye unataka kuanguka, siku moja anakuwa mutu wa kulishwa na kufunikwa.

Tujiulize vizuri: ni nini chenye kilivunjika? Mikono, ndiyo. Lakini ujuzi haukuwa mu mikono peke yake. Uko bado mu kichwa, na mulango wa kuutolea ndio ulifungwa. Mulango mumoja ukifungwa, inaomba kutafuta mwingine. Na habari ya huo mulango mwingine, ukifuata mizizi yake, inakufikisha kwa muchimbaji.

Muchimbaji wa Königshütte

Mu mwaka wa 1917, mu muji wa Königshütte, wenye leo unaitwa Chorzów mu Polandi, kijana mumoja jina lake Ludwig Guttmann alikuwa anajitolea mu hospitali ya wachimbaji wa makaa. Siku moja wakaleta muchimbaji kijana, mwili wenye nguvu, lakini mufupa wa mugongo umevunjika na miguu imepooza. Wakamwambia Guttmann asijisumbue na huyo, kwa sababu atakufa mu wiki chache. Kweli, kisha wiki 5 yule muchimbaji alikufa. Mikrobe ndiyo ilimuua, sio mugongo.

Guttmann hakusahau ile kitanda. Akasoma, akawa munganga. Kwa kuwa alikuwa Muyahudi, mu mwaka wa 1939 alikimbia Ujerumani ya Wanazi, akafika Uingereza. Mu mwezi wa 2 mwaka wa 1944, akafungua fasi ya kutunza watu wenye kuvunjika mugongo mu hospitali ya Stoke Mandeville. Pale alikataa desturi ya kuacha wagonjwa walale na kungojea kifo. Aliomba wageuzwe kila saa 2 juu wasipate vidonda, wafanye mazoezi, wajifunze kazi. Tarehe 29/07/1948, siku ile ile yenye Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa mu London, wagonjwa wake 16 walishindana kupiga mishale mu bustani ya hospitali. Kutoka pale ndipo ilizaliwa michezo yenye leo dunia yote inaita Paralimpiki.

Lakini mu Stoke Mandeville kulikuwa pia watu wenye walivunjika shingo. Hao walipoteza miguu na mikono pamoja. Mutu wa namna hiyo, akiwa na kiu usiku, anaita namna gani? Walikuwa wanamutundikia filimbi karibu na mudomo, apulize mupaka mufirmiye asikie. Basi, ile tu.

Reg Maling, mutu mwenye alikuwa anakuja kutembelea wagonjwa, aliona ile filimbi na akawaza mbali: kama pumzi inaweza kuita mutu, inaweza pia kuwasha taa. Ku mwanzo wa miaka ya 1960 alitengeneza chombo chenye mupira mudogo wa kuweka mudomoni. Mugonjwa anavuta pumzi kidogo ao anapuliza kidogo, na chombo kinachagua: kengele, taa, redio, kisha hata masini ya kuandika. Watu wenye mbele walikuwa na filimbi tu, sasa wakaandika barua wao wenyewe. Chombo kile waliita Possum. Wale wenye walisomea ku mapadri watafahamu: mu Kilatini, neno hilo maana yake ni « naweza ».

Butoni moja inatosha

Watu wengi wanauliza: mutu mwenye anaweza kutikisa kidole kimoja tu, ao shavu tu, ataandika namna gani alfabeti nzima? Siri yake ni kungojea. Masini ndiyo inatembea, mutu anaisimamisha.

Tuseme herufi 26 zinaonekana ku kioo. Mwangaza unapita juu ya herufi moja moja: a, b, c… Ukifika ku ile yenye unataka, unafinya butoni. Kwa kupata herufi « m » unangojea hatua 13. Ni mingi. Kwa hiyo wanapanga herufi mu mistari ya 6. Kwanza mwangaza unapita ku mistari: wa kwanza a mupaka f, wa pili g mupaka l, wa tatu m mupaka r. Unafinya ku mustari wa tatu. Kisha mwangaza unapita ndani ya mustari ule, na « m » ndiyo ya kwanza. Hatua 4 pahali pa 13. Na masini ikianza kubahatisha neno lenye unataka kuandika, sawa vile telefone zetu zinafanya tukiandika mesaje, unaokoa hatua zingine nyingi.

Butoni yenyewe inaweza kuwa kitu chochote chenye mwili unaweza kugusa: kwa goti, kwa kisigino, kwa upande wa kichwa. Fundi mwenye anajua kulehemu nyaya anaweza kufungua suri ya zamani ya ordinatere, atoe nyaya mbili fasi ya kufinyia, azipeleke ku butoni kubwa yenye hata ngumi yenye haifunguki inaweza kusukuma. Mafundi wa telefone wenye wako ku kila kona ya soko letu wanafanya kazi ngumu kupita hiyo kila siku.

Chombo kinafuata mwili

Mutu mwenye dunia inakumbuka zaidi kwa jambo hili ni Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza. Alikuwa na miaka 21 wakati, mu mwaka wa 1963, wanganga walimwambia kama iko na ugonjwa wenye unaua mishipa ya kutikisa mwili. Mu mwaka wa 1985 alipoteza sauti kabisa. Wakamupa ordinatere yenye alikuwa anaongoza na butoni mu mukono, na ordinatere ikasema pahali pake. Kisha miaka, mukono nao ukakataa. Wakaweka ku manyanga yake chombo kidogo chenye kinaona shavu likitikisika, na shavu likawa butoni. Wakati shavu nalo lilianza kuchoka, alishuka karibu ku neno moja kwa dakika moja. Mainjinia wa Intel wakatengeneza programu mupya yenye ilijifunza namna yake mwenyewe ya kuandika, na mu mwaka wa 2015 wakaitoa bure kwa watu wote.

Tuangalie vizuri: mutu alikuwa yule yule, lakini chombo kilibadilishwa kila mara mwili ulipobadilika. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Vyombo hivi havinunuliwe sawa vile viatu mu soko, namba 42 kwa wote. Vinapimwa ku mutu. Sisi Wakongomani tunajua jambo hilo. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa, wenye polio iliwapiga, walitembea dunia na baiskeli zao za magurudumu matatu, kila moja imelehemuliwa kufuata mwili wa mwenyewe. Baiskeli ya mumoja haiwezi kumufaa mwingine vizuri. Na ordinatere iko vile vile.

Mu Marekani, Steve Gleason, muchezaji wa zamani wa mupira wa kule, naye alipatwa na ugonjwa sawa na wa Hawking. Mu mwaka wa 2014 aliandikia mainjinia wa Microsoft, akaomba namna ya kuongoza kiti chake kwa macho. Wakamutengenezea. Mu mwaka wa 2017, kuongoza ordinatere kwa macho kukaingia ndani ya Windows 10. Kamera yake ya pekee iko bei kali kwa mufuko wetu, lakini jambo lilianza na ombi la mutu mumoja mwenye alijua chenye kinamukosea.

Telefone yenye iko mu mufuko

Habari nzuri ni kama kwa kuanza haiombe kununua kitu. Mu telefone za Android, fungua « Paramètres », kisha « Accessibilité ». Mu iPhone ni « Réglages », kisha « Accessibilité ». Wengi wetu hatujafungua ile fasi hata siku moja.

Ya kwanza ni sauti. Ku Android, programu yake inaitwa Voice Access. Ku iPhone ni « Contrôle vocal ». Ukiiwasha, namba zinaweza kuonekana ku kila butoni ya kioo. Unasema namba, telefone inafinya pahali pako. Unaita bibi, unafungua mesaje, unasukuma ukurasa, bila kuigusa.

Ya pili ni ile ya butoni na mwangaza wenye unatembea, sawa vile tulieleza juu. Ku Android inaitwa Switch Access, ku iPhone « Contrôle de sélection ». Tangu Android 12, ya mwaka wa 2021, kamera ya mbele inaweza kuwa butoni yenyewe. Inafahamu mambo 6: kufungua mudomo, kucheka, kuinua nyusi, kuangalia kuume, kushoto, ao juu. Mutu anapanga mwenyewe: nyusi zikiinuka, chagua, mudomo ukifunguka, rudi nyuma.

Ya tatu ni ya ordinatere. Kuko programu inaitwa Camera Mouse, yenye ilitengenezwa na walimu wa Boston College mu Marekani. Tangu 2007 wanaitoa bure. Kamera ya ordinatere inafuata ncha ya pua. Ukigeuza kichwa, mushale wa ku kioo unafuata. Ukiuacha usimame kidogo fasi moja, inafinya. Ukishaipakua, haiombe tena enternete, jambo lenye lina uzito fasi yenye megabaiti zinahesabiwa moja moja. Na umeme ukikatika, telefone yenye iliwekwa chaji asubui inaendelea.

Telefone haijazoea Kiswahili chetu

Lakini tusidanganyane. Njia ya sauti, yenye ingekuwa mwepesi kupita zote, ndiyo yenye inatuacha nyuma. Voice Access inasikia Kifaransa, Kiingereza na luga zingine chache. Mutu mwenye alisoma mupaka darasa la sita na akaingia mu kazi, Kifaransa chake ni cha ku chantier, na masini inakikataa mara nyingi.

Tutenganishe mambo mawili: kuandikisha kwa sauti, na kuamuru kwa sauti. Tangu 2017, Google inakubali mutu aseme Kiswahili na telefone iandike. Lakini Kiswahili chenye ilifundishwa ni cha Kenya na Tanzania. Ukisema « njo vile », « kuya hapa » ao « bantu bote », usishangae ikiandika mambo mengine. Masini haina roho mubaya. Inajua tu sauti zenye ilisikilizishwa.

Dawa yake ni kuisikilizisha sauti zetu. Mradi Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wenye wanajitolea kusoma sentensi, na Kiswahili kiko ndani. Vijana wa universite zetu, walimu, kwaya za kanisa, hata wazee wenye wana wakati, wanaweza kutoa sauti zao. Kama watu wa Katanga hawasemi ndani, tusilalamike kesho kama masini inasikia tu watu wa Dar es Salaam na Nairobi.

Vidole vyenye havisikie tena

Wengine watasema: hayo ni mambo ya watu wenye kupooza mwili wote, hatuko wengi. Tufikirie tena. Mutu mwenye alishika martopikere miaka mingi, vidole vyake vinakuwa vyeupe wakati wa baridi, vinakufa ganzi, kisha siku moja hawezi kufunga butoni ya shati. Mu Uingereza, wachimbaji wa makaa walikuwa na ugonjwa ule ule. Mu mwaka wa 1998 korti ilisema kama kompani ya makaa ya serikali ilikuwa na deni kwao, na watu zaidi ya 100 000 waliomba kulipwa. Vidole vya namna hiyo haviwezi kuandika mesaje ku kioo chenye herufi ndogo. Mwenyewe anasema tu « mi sipendake bya telefone », anampa mutoto amusomee. Ongeza hapo wenye walipoteza vidole na baruti, wenye mukono ulibonyezwa na jiwe, wenye kiharusi kiliwapiga upande mumoja. Watu hao wako mu kila avenue.

Na kazi, iko? Tuangalie ginsi mugodi wenyewe unabadilika. Mu Kibali, mugodi wa zahabu wa Haut-Uélé, masini za kubeba mawe chini ya udongo zinaongozwa na watu wenye wanaikaa juu, mu chumba, mbele ya vioo. Hatusemi kama kesho mutu wa kupooza atapewa kiti kile. Tunasema kama sehemu ya kazi ya mugodi inahama kutoka mu mabega na kwenda mbele ya ordinatere. Na kuko kazi zingine karibu zaidi: kuandika vitabu vya kooperative, kuhesabu magunia na bei, kufuata stoki ya depo, kufundisha vijana juu ya hatari za mugodi. Muchimbaji wa zamani mwenye anaweza kuandika kwa sauti ao kwa nyusi, anaweza kuweka mu maandishi mambo yenye hayako mu kitabu chochote cha shule.

Haki haibadilishwe na telefone

Hapa tuseme wazi. Programu ya bure haiwezi kuwa sababu ya mukubwa wa kazi kusahau deni lake. Katiba ya inchi, mu artikle 49, inasema kama watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kufuata mahitaji ya mwili na akili yao. Sheria ya tarehe 03/05/2022 inalinda haki zao kwa urefu zaidi. Na sheria ya tarehe 15/07/2016 juu ya usalama wa wafanyakazi inaweka aksida za kazi na magonjwa ya kazi mu mambo yenye CNSS inashugulikia. Kwa hiyo aksida itangazwe mara moja, na familia ichunge karatasi zote: za munganga, za kompani, za malipo.

Creuseur mwenye hana kontra, njia yake ni nyembamba kupita. Lakini sheria ya migodi yenye ilibadilishwa mu 2018 inaomba kila kompani yenye inachimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa pembeni ya mugodi. Mara nyingi tunasikia wanaomba shimo la maji, shule, hospitali. Ni vizuri. Lakini hakuna chenye kinakataza mutaa uombe pia chumba kimoja chenye ordinatere tatu, kamera, butoni kubwa na fundi mwenye kufundisha. Ukilinganisha na bei ya barabara, ni kitu kidogo. Kooperative nazo zinaweza kuweka jambo hilo mu kasha yao ya kusaidiana.

Ginsi ya kuanza nyumbani

Kwanza, mumuulize mwenyewe. Baba mwenye hajasema kitu miezi mitatu, labda anataka kumwita rafiki yake wa zamani mbele ya kutaka ordinatere. Muanze na kitu chenye yeye anatamani: kuita mutu, kusikiliza mupira, kusoma habari.

Pili, mutafute mwendo mumoja wenye unabakia. Mwendo muzuri ni ule wenye anaweza kurudilia mara 20 bila maumivu. Inaweza kuwa kidole gumba, shavu, nyusi. Kama kuko munganga ao mutu wa kinezi karibu, mumuonyeshe.

Tatu, telefone isimame imara mbele ya uso, isishikwe na mutoto mwenye atachoka. Waya wa nguvu ao kipande cha mbao kinatosha. Kwa kamera, mwangaza utoke mbele, sio nyuma ya mugongo.

Ine, muende polepole. Siku za kwanza dakika 10 zinatosha, kwa sababu macho na shingo vinachoka. Wiki ya kwanza inakasirisha, na wengi wanaachia pale pale. Hawking naye hakuandika kitabu siku moja.

Tano, musimupe mutu mwingine namba za siri za mobile money juu tu mwenyewe hana mikono. Kama anaweza kufinya mwenyewe, afinye mwenyewe. Makuta ya fidia yalipotea mu familia nyingi kwa mulango huo.

Ya mwisho, mutoto mwenye anajua telefone akae karibu na baba, lakini asifanye pahali pake. Akimwona anakawia ku herufi moja, amungojee.